Kinachokumbukwa na Miguu

Watu wengi wanaoingia baa kusikiliza bendi hawajui nani alipiga besi katika nyimbo wanazozipenda. Wengine hawajui hata kama kuna besi. Lakini ubadilishe mstari wa besi wa wimbo wanaoujua, uone. Hakuna atakayelalamika wala kunyoosha kidole. Watarudi tu kwenye viti, mmoja mmoja, washike glasi zao na kuanza mazungumzo. Urudishe mstari ule jinsi ulivyorekodiwa, na baada ya muda utawaona wanasimama tena, nao wenyewe wasiweze kukuambia wamesimama kwa nini. Mimi hupiga gitaa la besi katika bendi ya kopi, yaani bendi inayopiga nyimbo zilizorekodiwa na wengine, na kazi yangu yote imejengwa juu ya tabia hiyo ya miguu ya watu.

Tunadharauliwa, na si kwa siri. Wanamuziki wanaotunga nyimbo zao hutuona kama mashine ya kuchezesha santuri yenye mikono. "Nyinyi si mnaiga tu?" Ndiyo, tunaiga. Ila kuiga kwenyewe kuna kazi ambayo hawaioni. Rekodi nyingi zilipikwa studio na kundi zima: tarumbeta, vinanda viwili, waitikiaji, gitaa tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Sisi jukwaani ni watano, na jukwaa lenyewe mara nyingi ni kona iliyoondolewa meza. Lazima kitu kibaki nje. Basi ufundi wa kopi ni kujua ni noti zipi zikiondoka wimbo unakufa, na zipi zikiondoka hakuna mwenye habari.

Kuna nyimbo ambazo hazikuachii nafasi ya kujadili. "Stand by Me" ya Ben E. King, ya mwaka 1961, inaanza na besi, na mtu anautambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Besi ile ndiyo mlango wa wimbo. Ukiongeza noti moja ya kujionyesha umeuharibu, na ukiondoa moja hivyo hivyo. Wapo wapiga besi wazuri, wenye vidole vyepesi kuliko vyangu, ambao hawawezi kuupiga wimbo huo vizuri kwa sababu hawavumilii kuupiga jinsi ulivyo.

"Billie Jean" ya Michael Jackson ina mtego wa namna nyingine. Mstari wa mpiga besi Louis Johnson ni noti nane zilizolingana katika kila kipimo cha mapigo manne, hazipumziki, na zinazunguka karibu wimbo mzima. Ukiutazama kwenye karatasi utacheka. Mwanafunzi anaweza kuushika kwa mchana mmoja. Ngoja sasa uupige mwishoni mwa seti ya tatu, mkono wa kulia umechoka, mpiga dramu amepandisha kasi kidogo kwa sababu watu wanacheza. Noti ya tano itaanza kuwa laini kuliko ya kwanza, ya saba itachelewa, na hapo wimbo utaanza kuchechemea. Ugumu wote ni kuzifanya noti nane zibaki sawa mara mia na zaidi bila kuchoka, na bila kushikwa na hamu ya kutia kionjo. Hamu hiyo ndiyo adui mkubwa. Mara nyingi huja pale mpiga besi mwingine anapoingia na kusimama nyuma amekunja mikono.

Halafu wapo akina James Jamerson. Huyu alipiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, kwa kidole kimoja cha shahada, kwenye gitaa lenye nyuzi za zamani ambazo hakupenda kuzibadilisha. Jina lake halikuwa likiandikwa kwenye majalada ya santuri. Mpaka mwaka 1971, albamu ya Marvin Gaye "What's Going On" ilipotoka, ndipo wasikilizaji wa kawaida wakalisoma. Mistari yake haitulii. Inapanda, inashuka, inaingia kwenye kodi inayofuata, yaani kundi la noti zinazolia pamoja, kwa njia ambayo hukuitarajia, kisha inatulia palepale ulipoitaka itulie.

Wako wenzangu wanaoona ni heshima kumpiga Jamerson noti kwa noti. Mimi sikubaliani nao, angalau si baa. Mistari ile ilizaliwa katikati ya wapiga dramu, vinanda na matari ya chumba kile. Ukiichomoa peke yake na kuibandika juu ya dramu za mtu mwingine, kwa kasi nyingine, inageuka fujo. Ninachofanya ni kuzishika zile hatua zake za kuvukia, noti mbili tatu zinazokuvusha kutoka kodi moja kwenda nyingine, kwa sababu hizo ndizo msikilizaji anazozisubiri bila kujua kwamba anasubiri. Katikati ya hapo naweka mambo mepesi. Hajawahi mtu kunijia kuniambia nimeruka kitu. Zile hatua nikiziacha, mwimbaji ndiye wa kwanza kugeuka kunitazama.

Jambo ambalo hakuna anayekufundisha unapoanza ni kwamba noti ina mwisho. Wote tunajifunza kuanza noti: kidole hiki, uzi ule, wakati huu. Kuizima ni elimu nyingine. Uzi wa besi ukiupiga na kuuacha utaendelea kulia hadi umeze noti inayofuata, na katika chumba chenye kuta tupu ule mngurumo hutembea kila mahali. Mstari wa besi wa Bernard Edwards kwenye "Good Times" ya bendi ya Chic ya mwaka 1979 unaanza na noti tatu za E zenye nafasi kati yake. Mwaka uliofuata John Deacon, mpiga besi wa bendi ya Queen, ambaye alikuwa amekaa na Chic studio, alitoa "Another One Bites the Dust", nayo inaanza na E zilezile na ukimya unaofanana. Ule ukimya ndio unaochezesha watu. Nikizirefusha noti hizo hadi zigusane, bado nitakuwa nimepiga noti sahihi zote na bado hakuna atakayecheza. Nikienda kuisikiliza bendi nyingine, husikiliza kwanza mpiga besi wao anazimaje noti. Mkono wa kushoto unalegea bila kuuachia uzi, kiganja cha kulia kinagusa karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapokalia, kidole gumba kinalala kwenye uzi usiotumika. Hakuna anayelipia kiingilio kuja kutazama mambo hayo.

Mwisho wa noti yangu unaamuliwa na mpiga dramu, hasa sneya yake, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Pigo la sneya likiingia huku noti yangu bado inavuma, linasikika dogo. Noti ikikatika hapohapo sneya inapopasuka, pigo linaonekana kubwa maradufu, na mpiga dramu anapongezwa kwa nguvu ambazo hakuzitumia. Tuna makubaliano ya macho, mimi naye. Nasimama upande wa kushoto wake, karibu na haihati, yale matoazi mawili ya pedali, mahali ninapouona mguu wake ukiwa juu ya pedali. Mguu humtangulia, ukiutazama unajua anataka kuharakisha kabla hajaharakisha. Tunagombana kuhusu kila kitu kingine duniani, lakini jukwaani sijawahi kupiga na mtu aliyenisikiliza kama yeye.

Sasa nije kwenye ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unachopigwa, maana hapa ndipo heshima yangu yote kwa rekodi huwekwa majaribuni.

"Kaka, leo koo halipo," mwimbaji wetu atasema, dakika chache kabla ya kupanda. "Tushushe."

"Tushushe kiasi gani, dada?"

"Shusha tu, nitakuambia ikinitosha."

Kwa mpiga kibodi hilo ni jambo la kubonyeza kitufe. Mpiga gitaa ana kile kibanio chake cha shingoni, na kama hakimsaidii kushuka atahamisha mkono na kubadilisha umbo la kodi. Kwangu, uzi wa chini kabisa wa besi ya kawaida ni E, na chini ya hapo hakuna kitu. "Another One Bites the Dust" imekaa kwenye ile E: unaupiga uzi mtupu, kidole kikiuzima. Mwimbaji akitaka wimbo ushuke hatua nzima, E inakuwa D, na D hiyo gitaa langu halina. Naweza kuipiga juu, oktava moja zaidi, lakini uzito wote unapotea na wimbo unakuwa kama unapigwa na simu. Naweza kulegeza uzi hadi D, halafu kila nilichokizoea kwenye uzi huo kikahamia freti mbili mbele, freti zikiwa vile vyuma vya shingoni, nami natakiwa kukumbuka hivyo gizani, watu wakiomba niwasogezee mikeka ya nyaya wapite. Au niwe na besi ya nyuzi tano yenye B chini ya E.

Kwa muda mrefu nilizipinga besi za nyuzi tano. Shingo pana, uzi mzito unaolegea, na gitaa zenyewe nilizowahi kuzishika hazikunivutia. Sasa ninayo, na huibeba kila shoo kwa ajili ya koo la mtu mwingine. Sina kinyongo. Mwimbaji hana gitaa la pili la kubadilisha. Ana koo moja, analitumia saa tatu mfululizo juu ya kelele za watu, na kesho yake yuko kazini anaongea na wateja. Kati ya kutetea rekodi na kumtetea yeye, namtetea yeye. Watu watakubali "Stand by Me" katika ufunguo wowote. Hawatakubali mwimbaji anayekwaruza.

Chumba nacho kina maoni yake. E ya chini ya besi ina mitetemo kama 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Baa nyingi hazina hata upana huo. Kwa hiyo wimbi linajikunja kutani, linarudi, linakutana na lenyewe. Mahali pamoja linaongezeka, hatua chache pembeni linajifuta. Mteja aliyekaa kwenye kona analalamika besi inampasua kifua, na aliye kaunta anauliza kwa nini besi haisikiki, na wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana sipendi kuweka spika yangu kwenye pembe ya kuta mbili, hata kama ndipo panapopatikana: kona inaikuza sauti ya chini kiasi kwamba noti mbili tatu zinanguruma na nyingine zinanywea. Siku ambazo hakuna pa kuisogeza, hupunguza besi kwenye amplifaya na kupandisha sauti ya kati. Inashangaza wengi, kwa sababu wanadhani mpiga besi lazima atake besi nyingi. Ile sauti ya kati ndiyo inayomwambia msikilizaji noti hii ni ipi. Ya chini inamwambia tu kwamba kuna noti.

Halafu anakuja meneja, kwa adabu zote: "Bosi wangu, punguzeni kidogo, watu wanashindwa kuagiza." Tunapunguza. Na kitu cha kwanza kupotea ni mimi. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933: kadiri sauti inavyopungua, sikio letu hupoteza usikivu wa sauti za chini kwa kasi kuliko za kati. Bendi nzima ikishuka kwa kipimo kilekile, masikioni besi imeshuka zaidi. Kwa hiyo meneja akiomba tupunguze, wenzangu wanageuza vitufe vyao na mimi nageuza changu nusu ya walivyogeuza wao. Mpiga solo, yule mpiga gitaa wetu, ananituhumu kwa wizi. Nimemweleza habari za Fletcher na Munson zaidi ya mara moja, na bado ananituhumu.

Ubebaji wa vyombo umekuwa rahisi, hilo nalishukuru kwa dhati. Amplifaya ya Ampeg SVT iliyoingia sokoni 1969 ilitoa wati 300 kwa valvu 14, zile taa za kioo za kukuza sauti, na kichwa chake peke yake kilikaribia kilo 40, spika bado. Leo kuna vichwa vya wati 500 vyenye uzito usiofika kilo 3. Naweka kwenye mfuko wa gitaa na napanda ngazi kama binadamu wengine. Wapenzi wa taa wanasema sauti haifanani. Kweli haifanani. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi wana mtu wa kuwabebea.

Kuhusu masikio niseme moja tu, kwa wanaoanza. Kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 unabaki na dakika 15. Ukisimama karibu na matoazi seti tatu, piga hesabu mwenyewe. Vaa vizibo vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti kwa usawa. Pamba haifai, inaziba sauti za juu na kukuachia matope.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni maombi. Mtu anasogea akiwa na karatasi au akiwa na mdomo tu, anataja wimbo, na mwimbaji wetu, ambaye hajui kukataa, anaitikia kabla hajatugeukia. Mpiga solo anaujua nusu. Mpiga dramu anaujua mdundo. Mimi huenda nimewahi kuusikia kwenye gari. Hapo macho yangu yanahamia mkono wa kushoto wa mpiga solo, maana kila mpiga besi wa baa amejifunza kusoma maumbo ya kodi kwenye shingo ya gitaa la mwenzake. Akinipa mgongo nimekwisha, ndiyo maana tunapangana jukwaani ili mkono ule nisiupoteze. Pamoja na hayo tuna ishara za vidole, kila namba na kodi yake: moja ni nyumbani, nne na tano ni safari za kawaida, sita tukielekea huzunini. Kuhesabu kodi kwa namba badala ya herufi kulienea sana kwa wanamuziki wa studio za Nashville, na kwa mpiga besi ni zawadi, kwa sababu mwimbaji akibadilisha ufunguo namba hazibadiliki.

Katika wimbo usioujua, sheria yangu ni kupiga kidogo. Noti ya kwanza ya kila kodi, kwenye pigo la kwanza, fupi. Mzunguko wa kwanza unasikiliza, wa pili unaanza kukisia, na kufikia kiitikio cha pili, kama wimbo huo umewahi kukupitia sikioni popote, kidole kinaanza kukumbuka vitu ambavyo kichwa hakikuwa navyo. Rumba ya Kongo ndiyo isiyokubali ujanja huo. Besi yake hupenda kuliacha pigo wazi na kuingia pembeni, na aliyekulia ndani ya muziki huo anajua papo hapo kwamba wewe unakanyaga tu chini kama askari. Maombi ya rumba yakija bila kuandaliwa, husema wazi watuombe wiki ijayo.

Kukaimu kwenye bendi nyingine ni shule ya aina hiyohiyo, ila yenye usiku wa kujiandaa. Unatumiwa orodha ya nyimbo siku moja kabla, na rekodi zenyewe zinakudanganya: hujui wao huzimaliza vipi. Kwenye rekodi nyingi wimbo unafifia taratibu hadi kimya, jambo ambalo bendi haiwezi kulifanya baa bila kuchekwa, hivyo kila bendi hubuni miisho yake. Nikikaimu, swali langu la kwanza kwa mpiga dramu ni hilo tu, mnamalizaje. Katikati tutaelewana.

Malipo tunagawana sawa, pamoja na fungu moja la mwenye mitambo, na hili limetuweka pamoja kuliko urafiki. Kuhusu haki za watunzi, katika nchi nyingi leseni ya muziki kupigwa hadharani hulipwa na mwenye ukumbi, na fedha huenda kwa waliosajiliwa kama watunzi. Mpiga besi wa studio kwa kawaida hakusajiliwa. Alilipwa ujira wake siku ile akaondoka. Nafikiria hilo kila nikipiga mstari ambao umma mzima unautambua na aliyeubuni hakuwahi kuhesabiwa mtunzi wa wimbo.

Kwa sasa kinachotuumiza vichwa ni nyimbo mpya. Besi zake nyingi zimetengenezwa kwa sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, zinashuka chini ya E bila aibu, noti moja inatelezea nyingine polepole, na nyuma yake hakuna mtu aliyewahi kushika uzi. Mpiga kibodi anasema mistari hiyo ni yake kwa haki: imezaliwa kwenye kibodi, ipigwe kwa kibodi, mimi nishike tari. Mimi nasema apige sauti za juu aniachie za chini. B ya nyuzi tano inafika mitetemo 31, na kuteleza naweza kuteleza kwa kidole. Tuliyajaribu yote mawili kwenye mazoezi. Kwa kibodi sauti ilifanana na rekodi kabisa. Kwa besi haikufanana, lakini mpiga dramu alisema kiki yake, ile dramu kubwa ya mguu, ilipata mtu wa kuongea naye. Mwimbaji hakupiga kura. Aliuliza tu kama wimbo unaweza kushuka nusu hatua. Nusu hatua chini yake ile B inakuwa B-flati, na hiyo hata nyuzi tano hazina. Mpiga kibodi ameshafurahi. Mimi nimelegeza uzi, na Ijumaa tunaupiga seti ya pili.